Nguo za msimu mpya au nguo mpya za msimu? Na merikani ya bibi

Dada mmoja wa Tanga ameniandikia, ana duka dogo la nguo na vitambaa. Anasema alitundika bango mlangoni, NGUO ZA MSIMU MPYA ZIMEFIKA, mteja mmoja akamwambia hicho sio Kiswahili ni Kizungu kimevalishwa kanzu, msimu ni wa mvua na mahindi, sio wa nguo. Halafu nyumbani bibi yake naye anamchanganya, mana kila kitambaa cheupe kisicho na maua anakiita merikani, na jora ambalo halijaguswa na mkasi analiita nguo. Anauliza nani yuko sahihi, na bango alitoe au aliache.

Marahaba dada. Nianze na huyo mteja, mana hapo ndo penye utamu wenyewe.

Neno msimu tumelipata kwa Waarabu, kwao mausim ni wakati maalum wa jambo ambalo hurudi kila mwaka, na mabaharia walilibeba hilo neno mbali sana mpaka Wazungu nao wakapata monsuni yao humo humo. Kwetu pwani msimu ulikuwa ni upepo. Kaskazi ikianza kuvuma kuanzia Desemba hivi mpaka kwenye Machi majahazi yanashuka kutoka Uhindi, Arabuni na Ghuba, kusi ikishika yanageuza kurudi. Sasa jiulize ndani ya yale majahazi mlikuwa na nini, mlikuwa na tende, samli, mazulia, vyombo, na nguo, tena nguo nyingi, kaniki za Kachi, huko Uhindi, zilizotiwa nili mpaka zikawa nyeusi, bafta, melimeli za vilemba. Kwahiyo mtu wa Unguja au Mombasa wa zamani akisema anangoja msimu, mara nyingi alikuwa anangoja nguo. Mteja wako anadhani umeazima neno kwa Wazungu wakati neno limo kwenye biashara hiyo hiyo unayoifanya wewe, kabla hata hakujawa na duka lenye kioo mbele.

Kilichobadilika ni meli za moshi. Mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza safari za ratiba mpaka Unguja, nguo zikawa hazingoji tena upepo, zinaingia mwaka mzima. Lakini mnunuzi yeye bado alikuwa na misimu yake, Idi, mavuno ya karafuu watu wakiwa na hela, harusi kabla ya Ramadhani. Mpaka leo ni hivyo, wewe mwenyewe unajua duka linajaa lini.

Sasa sarufi, hapa usipite haraka. "Nguo za msimu mpya" na "nguo mpya za msimu" sio kitu kimoja, na tunadanganyika kwa sababu msimu mpya ni mpya na nguo mpya ni mpya, kivumishi hakibadiliki sura, kwahiyo kinachokuambia kipi ndo kipya ni mahali neno lilipokaa tu. Badilisha uweke kitambaa utaona mara moja, vitambaa vipya vya msimu, vitambaa vya msimu mpya. Ya kwanza mzigo ndo mpya, ya pili msimu ndo mpya. Yako inasema msimu ndo mpya, sarufi haina kosa hata kidogo, ila msomaji anabaki anajiuliza msimu gani, mana Tanga hatuna ile ya makoti yanatoka magauni mepesi yanaingia. Mimi hapo namuelewa mteja kidogo, kilichomkera sio neno msimu, ni msimu usio na jina. Upe jina. "Nguo za Idi zimeingia" hakuna atakayekusumbua. Au sema kama wanavyosema wenye maduka wenyewe, "mzigo mpya umeshuka", hiyo nzuri kabisa, mana nguo kweli zilikuwa zinashuka, chomboni na kwenye mabega ya wapagazi.

Na kwa kuwa nimetaja wapagazi, hili nalipenda sana. Mtumba kwenye misafara ya kwenda bara ulikuwa ni mzigo wa nguo uliofungwa ukakazwa mrefu kama mto wa kulalia, na ndani yake ni nguo mpya, hazijavaliwa na mtu, zinakwenda kubadilishwa na pembe za ndovu. Leo mitumba maana yake nguo zilizovaliwa na wengine. Neno limebaki kwenye kufungwa, kilichofungwa ndo kimebadilika.

Tuje kwa bibi. Kwenye nguo, bibi yuko sahihi na nakuomba usimsahihishe. Kiswahili cha asili nguo ni kile kilichofumwa, kiwe kimeshonwa au hakijashonwa, ukitaka kusema kilichovaliwa una vazi na mavazi. Kitambaa kilikuwa kidogo, jina lenyewe lina ki- ya udogo, kitambaa cha mkono, cha kichwa, ndo baadaye kikapanuka kikachukua jora zima. Kwahiyo duka lako ukiliita la nguo tu linatosha, ukisema nguo na vitambaa nayo sawa kwa Kiswahili cha leo.

Kwenye merikani bibi amepata nusu. Hiyo nguo ilitoka Marekani kweli, meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinakuja Unguja miaka ya 1820 na kuendelea, mwaka 1833 Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, akatia saini mkataba wa biashara na Wamarekani, wao wanaleta pamba iliyofumwa wanachukua pembe, gundi ya sandarusi na ngozi. Watu waliipenda kwa sababu ni nzito na inadumu. Halafu vikaja vile vita vyao wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, pamba ikakatika, nafasi ikachukuliwa na Waingereza na viwanda vya Bombay, lakini jina halikuondoka, nguo imefumwa Bombay inaitwa merikani na hakuna aliyeona ajabu. Ila merikani sio nyeupe dada. Haijapaushwa, rangi yake kama maziwa yaliyoiva moto, ikiwa mpya imekakamaa kwa wanga ukiikunja inalia, mpaka uifue mara kadhaa ndo inakubali mwili. Ile nyeupe iliyopaushwa, nyepesi, ndo bafta. Chukua vipande viwili umuwekee bibi mapajani, mikono yake itakumbuka kabla ya mdomo.

Na kuna jambo bibi huenda halisemi. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za maskini na za watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, mji ukiwa tayari chini ya Waingereza, wanawake waliokuwa wamefungwa kaniki walikwenda madukani kununua kanga, na walinunua kwa macho makali sana, fasheni ya mwaka jana hawaitaki. Huo ndo msimu mpya wa kweli kama unataka kuuona. Wafanyabiashara Wahindi wakawa wanapeleka oda Ulaya kwa michoro inayopendwa huku. Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza 1887, lile lenye alama ya Mali ya Abdulla, na yeye ndo anatajwa sana kwa kuweka maneno kwenye kanga, mwanzo kwa herufi za Kiarabu baadaye za Kirumi. Mama yangu akiingia dukani alikuwa haangalii rangi kwanza, anashika pindo anavuta mpaka jina, yaani yale maneno, litokee, anasoma kimya, kama halimfai anaiachia hata ikiwa nzuri namna gani. Wakenya wengi wanaiita leso, nalo ni neno la Kireno la kitambaa cha kichwa au cha mkono, mana zamani leso sita zilikuwa zinaunganishwa kwa sindano kupata nguo moja. Leso, kanga, khanga, zote zina wenyewe, wewe andika kanga.

Mwisho kuna kitu hukuuliza lakini nimekiona kwenye picha uliyonitumia, umeandika "madoti". Doti ni ngeli ya i/zi, doti moja, doti mbili, doti hii, doti hizi. Ni neno la Kihindi, na zamani lilikuwa kipimo, shuka mbili, mikono minane, yaani wari (yadi) nne, na mkono wenyewe ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, ndo mana watu walikuwa wanagombania mkono wa nani utumike. Jora ndo linachukua ma-, jora moja, majora mawili. Kwahiyo bango lako jipya lisomeke NGUO ZA IDI ZIMEINGIA, DOTI ZA KANGA NA MAJORA YA BAFTA. Na merikani ukiipata niambie, mimi nataka wari sita.