Umeme ukikatika, nani anabaki na samaki?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama maduka yanayouza wanyama wa kufuga nyumbani yapigwe marufuku. Jibu langu la kwanza lilikuwa yafungwe, tena leo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, lakini watoto wa mbwa bado wanauzwa kwenye vizimba vya waya, jua la saa saba likiwachoma.

Ila mimi kinachonisumbua ni nani anabaki na viumbe hao mambo yakiharibika.

Mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme ulipopamba moto, nilimpeleka mwanangu kwenye duka la samaki wa mapambo Kariakoo. Umeme ukakatika. Pampu za hewa zikanyamaza, mapovu yakaisha. Kwa joto la Dar maji hayashiki hewa nyingi, basi haikuchukua muda samaki wa dhahabu wakapanda wote juu, midomo ikichapachapa. Samaki aina ya beta, kila mmoja kwenye chupa yake, hawakushtuka. Wale wanaweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Bosi hayupo, jenereta haina mafuta. Kijana wa dukani akavua saa, akatwaa kopo, akawa anachota maji na kuyamwaga kutoka juu, tangi hadi tangi. Mwanangu naye akapewa kikombe.

"Inua juu, mdogo wangu, maji yapige kelele. Ukimimina taratibu haisaidii."

Akaingia mzee mmoja anataka bakuli la kioo na samaki wawili wa kuweka mezani ofisini. Kijana hakuacha hata kuchota: "Shikamoo mzee. Kwenye bakuli watakufa, uchafu wao wenyewe utawaua." Mzee akaondoka amenuna. Umeme uliporudi, kijana shati lote chapachapa. Bosi alipofika akauliza mauzo.

Sasa duka lile ukilifunga, anayekosa kazi ni yule kijana. Bosi atahamia kuuza simu. Ufaransa, tangu Januari 2024, maduka hayaruhusiwi kuuza mbwa wala paka, lakini samaki waliachwa. Na sisi tufanye hivyo: mbwa na paka watoke madukani, samaki wabaki, mradi jenereta iwe na mafuta na mkaguzi aje bila kutoa taarifa. Ndege waliokamatwa porini, hapana. Waliozaliwa kizimbani, bado nasita.

Msomaji, Temeke