Sarcophyton imejifunga, Xenia imelala: je, ni iodini?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina tangi la maji ya bahari nyumbani hapa Malindi, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 45. Ndani mna tumbawe laini la umbo la uyoga (Sarcophyton), kichaka cha Xenia (tumbawe laini ambalo polipi zake, yaani vinyama vidogo vinavyoliunda, hufumba na kufumbua kama mapigo), zoanthidi (jamaa wa matumbawe wenye umbo la maua madogo) na samaki watatu. Joto la kaskazi lilipofikisha maji digrii 30.5 mchana, nilitoa kifuniko nikaweka feni, na maji yakashuka hadi 27.5. Sasa ni siku 12. Sarcophyton imejifunga na ina utando unaong'aa, Xenia imeacha kupiga na imelala. Zoanthidi ziko wazi kama kawaida. Maji hupungua lita tatu hivi kwa siku, na kwa kuwa bahari iko karibu, kila jioni nachota na kujazia. Haidromita ya plastiki (kipimo cha uzito wa maji kinachoonyesha chumvi) inasoma 1.025, naitreti (mabaki ya uchafu wa samaki) ni sifuri. Muuzaji mmoja amenishauri niongeze iodini. Niongeze? Na Xenia ikifa, naweza kuchukua kipande mwambani maji yakipwa?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Iodini iache dukani. Ulivyoeleza, shida yako kubwa ni chumvi, na imeingia kwa mlango wa feni.

Maji yanapokuwa mvuke, chumvi haiondoki nayo, inabaki tangini. Kwa hiyo pengo lililoachwa na mvuke hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kamwe si kwa maji ya bahari. Wewe umekuwa kama mpishi anayetia chumvi kila mchuzi unapokauka. Tupige hesabu. Tangi la vipimo vyako hubeba lita 243, lakini ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 200. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Lita tatu kila siku ni gramu 105, yaani nusu gramu na kidogo kwa kila lita ya tangi. Zidisha kwa siku 12: umepanda kutoka 35 hadi kama 41. Kabla ya feni, tangi likiwa limefunikwa, maji yalikuwa yakipungua kidogo na kosa hilo halikuonekana.

Utasema Bahari ya Shamu ina chumvi kama 40 na matumbawe yako tele. Ni kweli, lakini yale yamezaliwa humo. La kwako limepandishwa hatua sita ndani ya wiki mbili, na Xenia ndiyo ya kwanza kulalamika kwa sababu ngozi yake ni nyembamba. Zoanthidi ni sugu, kwa hiyo usizitumie kama kipimo cha afya ya tangi.

Sasa haidromita inayosoma 1.025. Chumvi ya 41 ilipaswa kusoma karibu 1.031. Hizi haidromita za plastiki zenye mkono unaopanda na kushuka huharibika kwa namna mbili: mapovu yakishika mkono, huuinua na kusoma juu, ukoga wa chumvi na chokaa ukiganda, huuelemeza na kusoma chini. Ya kwako nashuku ni hiyo ya pili. Iloweke usiku kucha kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, isuuze, ipime tena. Ila ukiweza nunua rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, na usiisawazishe kwa maji safi peke yake, maana inaweza kusoma sifuri sawasawa na bado ikakudanganya kwenye 35. Maji ya kusawazishia unaweza kuyatengeneza jikoni: pima kwa mizani ya dijitali gramu 36.5 za chumvi ya kawaida, yeyusha kwenye gramu 963.5 za maji yaliyotoneshwa. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Tia tone mbili kwenye kioo, ngoja nusu dakika joto lilingane, kisha zungusha skrubu mpaka mstari ukae 35.

Ukishathibitisha kwamba chumvi imepanda, ishushe polepole, si zaidi ya hatua moja kwa siku. Kwa lita zako 200, kila siku vuta lita tano za tangi utupe, kisha rudisha lita tano za maji baridi. Hapo 41 inakuwa 40. Mimina kidogo kidogo kwa muda wa saa nzima, mbele ya pampu ili yachanganyike, yasimwagikie tumbawe. Zile lita tatu za mvuke ni hesabu nyingine: nazo zijaze kwa maji baridi, juu ya hizo tano. Baada ya siku sita hivi utakuwa kwenye 35. Hapo acha kuvuta, endelea kujazia mvuke tu. Bandika kipande cha tepu kwenye kioo penye kimo sahihi cha maji, pampu zikiwa zinafanya kazi, ujazie mpaka hapo kila asubuhi.

Maji baridi yapi? Ya mfereji hapana: yana klorini na madini yaliyoyeyuka, na hayo madini hayaondoki kwa mvuke, yanalundikana wiki kwa wiki. Ya kisima ni mabaya zaidi, sehemu nyingi za pwani yetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe yakabeba chokaa. Wenzetu wa Lamu wenye majabia huuliza kuhusu maji ya mvua. Yangefaa, lakini paa la mabati hutoa zinki na kuta za jabia hutoa chokaa. Zinki ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Yanayofaa ni maji ya mashine ya RO (inayosukuma maji kwenye utando mwembamba ili kuondoa madini) yenye resini mwishoni, au yale ya kuchujwa yanayouzwa kwa mtungi wa lita 20. Haya ya kununua yapime kwanza kwa mita ya TDS, inayoonyesha kiasi cha madini yaliyoyeyuka. Nataka isome chini ya 10. Ikisoma 50 usihangaike kwa kazi hii ya siku sita, ila usiyafanye ya kudumu. Ikisoma mia na zaidi, muuzaji huyo hajabadilisha chujio au anarudisha madini kwa ajili ya ladha, tafuta mwingine.

Maji ya bahari nayo yana kazi yake, ambayo ni kubadilisha maji: lita 20 kila wiki, ukitoa kiasi hicho hicho kwanza. Hapa Malindi uwe mwangalifu na Sabaki. Wakati wa kaskazi mkondo husukuma tope la mto kuja kusini, ghubani kwetu, na mvua zikinyesha bara maji huwa mekundu na chumvi yake hushuka. Chota kusini ya mji, wakati wa kujaa, maji yakiwa meupe, mbali na mitaro na maegesho ya boti. Yachuje kwa kitambaa kizito, yafunge gizani kwenye mtungi wa plastiki usiowahi kubeba mafuta wala sabuni kwa wiki moja au mbili ili viumbe vidogo vife na kutua chini. Siku moja kabla ya kutumia, yatie hewa kwa pampu, pima chumvi, acha uchafu chini.

Tuje kwenye Sarcophyton na utando wake. Hili huenda si ugonjwa hata kidogo. Tumbawe hili, na ndugu zake Sinularia na Lobophytum, hujivua utando kila baada ya muda ili kuondoa mwani na uchafu uliolishika. Polipi hujificha, uso unang'aa kwa ute, na hali hiyo huweza kuchukua siku chache au hata wiki mbili. Chumvi ikibadilika hujivua zaidi. Usiuchune kwa vidole. Kinachohitajika ni mkondo wa maji: pampu za kuzungusha maji kwa tangi lako ziwe na nguvu ya jumla ya lita 2,000 hadi 4,000 kwa saa, zikipishana, zisilipige tumbawe moja kwa moja mpaka liiname upande mmoja. Kwa siku hizi za kujivua, mara moja kwa siku lipulizie maji kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, utando utapeperuka wenyewe.

La kuogopa ni kuoza. Utando wa kujivua ni safi na hauna harufu. Kuoza huwa na doa la kahawia au jeusi linalolegea, shimo linalopanuka, na ukilitoa majini kidogo linanuka uvundo. Ukiona hivyo litoe, uliweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi, kata kwa wembe mpya ukiingia sentimita moja kwenye nyama nzima, lisuuze kwenye maji mengine ya tangi, kisha lirudishe penye mkondo mzuri. Maji ya ndoo mwaga chooni. Vaa glavu na miwani, hasa mkono ukipita karibu na zoanthidi: baadhi yake, zile za Palythoa, zina palitoksini, sumu kali mno. Kwa sababu hiyo hiyo usichemshe kamwe jiwe lenye zoanthidi kwa nia ya kulisafisha. Mvuke wake umewapeleka watu hospitali.

Matumbawe laini pia hupigana kwa kemikali, na kwenye tangi dogo kemikali hizo hazina pa kwenda. Weka gramu 100 za kaboni amilifu kwenye mfuko wa wavu mahali maji yanapita, uibadilishe kila baada ya wiki tatu. Isuuze kwanza kwa maji ya RO mpaka vumbi jeusi liishe. Makaa ya jikoni hayafai, hata ukiyasaga vipi. Kati ya Sarcophyton na jirani yake acha sentimita 15.

Naitreti sifuri hainifurahishi. Wanaotangaza tangi lisilo na chembe ya naitreti wanafikiria matumbawe magumu, na hata hayo siku hizi hayafugwi hivyo. Matumbawe laini hupendelea naitreti kati ya miligramu 2 na 15 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Usimwage dawa, walishe samaki wako mara mbili kwa siku badala ya moja, au punguza saa za skima ya povu (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu). Alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) ikae kati ya 7 na 10 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu miligramu 400 hivi kwa lita. Hivyo viwili pima baada ya chumvi kurudi 35, si kabla, kwa sababu vimepanda pamoja na chumvi na vitakudanganya. Iodini nayo, unapobadilisha lita 20 za maji halisi ya bahari kila wiki, inaingia yenyewe. Kutia matone bila kipimo ni kubahatisha na kitu ambacho kikizidi kinaua.

Kuhusu joto, feni ulifanya vyema, usiitoe. Mwishoni mwa kaskazi, Machi na Aprili, bahari yetu yenyewe hukaribia digrii 29 au 30, na mwaka 1998 joto la namna hiyo lilipozidi na kukaa, matumbawe mengi ya Malindi na Watamu yaligeuka meupe na kufa. Lenga 26 hadi 27.5, na muhimu zaidi, lisipande na kushuka zaidi ya digrii moja kati ya mchana na usiku. Feni ielekezwe mshazari juu ya uso wa maji, iunganishwe na swichi ya joto iliyowekwa 27. Pale palipokuwa na kifuniko weka wavu, samaki wasiruke. Umeme ukikatika adhuhuri, chupa ya lita moja ya maji yaliyoganda ikielea tangini hushusha kama nusu digrii kwa ujazo wako; tia moja, ngoja saa moja, kisha nyingine. Pampu ya hewa ya betri ni muhimu kuliko barafu, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Kwa kuwa sasa tangi liko wazi, mwambie kila mtu nyumbani: dawa ya mbu isipulizwe chumba hicho. Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, ambazo huua kamba, kaa na samaki kwa kiasi kidogo sana. Ikibidi, zima feni na pampu ya hewa, funika tangi kwa nailoni, na ufungue madirisha kabla ya kuwasha tena.

La mwisho, kipande cha mwambani. Hapana. Hifadhi ya bahari ya Malindi iko tangu 1968 na ndani yake huruhusiwi kuondoka hata na kombe tupu, sembuse tumbawe lililo hai. Nje ya mipaka yake usifikirie kwamba ni bure. Waulize KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kabla ya kugusa. Xenia ikistawi huzaana mpaka mwenyewe anaichoka, kwa hiyo mtu mwenye tangi atakukatia bila kinyongo. Ukipata kipande usihangaike na gundi, haishiki kwa sababu ya ute. Kiweke kwenye kikombe kidogo chenye vipande vya mawe ukubwa wa njegere, funika kwa wavu laini wenye ufa wa kupitisha maji, ukiweke chini penye mkondo mdogo. Kwa wiki moja hivi kitakuwa kimeshika jiwe moja, na hilo jiwe ndilo utakaloligundisha mwambani mwa tangi. Lakini subiri kwanza chumvi ikae 35 wiki mbili mfululizo.