Usiulize Itapanda Lini, Uliza Utaiuzaje

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Amenunua tokeni, yaani sarafu ya kidijitali, ya mradi wa akili unde, pochi yake ya kidijitali inaonyesha dola 10,000, naye anauliza: asubiri zifike 50,000 au atoe nusu sasa? Ndugu yangu, hizo 10,000 bado huna. Ulicho nacho ni tokeni milioni 1, na pochi imezizidisha kwa bei ya muamala wa mwisho, yaani senti 1.

Tupige hesabu. Tokeni nyingi changa huuzwa kupitia bwawa la ukwasi (akiba iliyo tayari kwa kununua na kuuza), mtindo ulioenezwa na Uniswap, soko la sarafu linaloendeshwa na programu, tangu Novemba 2018. Bwawani kuna fungu la tokeni na fungu la dola, au la sarafu nyingine, na kanuni ni kwamba ukizidisha mafungu hayo mawili jibu halibadiliki. Tuseme bwawa lina tokeni milioni 1 na dola 10,000. Ukiuza tokeni zako zote milioni 1, fungu la tokeni linafika milioni 2, na fungu la dola halina budi kushuka hadi 5,000. Unaondoka na 5,000, ada bado haijakatwa, na bei unayoiacha nyuma ni robo ya senti. Kama tokeni zote zilizotolewa ni bilioni 1, tovuti za bei zitaandika "thamani ya soko: dola milioni 10", ilhali fedha za kuwalipa wauzaji wote ni hizo 10,000 tu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, linganisha kiasi unachotaka na fungu la tokeni bwawani. Kikiwa asilimia 2 ya fungu hilo, kukiuza kwa mkupuo kutakugharimu karibu asilimia 2 ya bei. Kikiwa asilimia 25, unapoteza asilimia 20. Angalia pia jinsi ukwasi unavyoandikwa: tovuti nyingi hujumlisha pande zote mbili, hivyo bwawa letu litaonekana lina 20,000, na nusu yake ni tokeni zilezile unazotaka kuziuza.

Baada ya hapo fungua kichunguzi cha blokicheini, tovuti inayoonyesha miamala yote ya mtandao wa sarafu, usome mkataba wa tokeni, yaani msimbo unaoiendesha. Kwenye mtandao wa Solana tafuta mamlaka mbili: ya kuchapisha tokeni mpya na ya kugandisha akaunti. Kwa tokeni ya kubahatisha zote mbili ziwe zimefutwa. Ya kwanza ikibaki, mwenye mradi anaweza kuongeza tokeni hadi chako kikose maana. Ya pili ikibaki, anaweza kukuzuia usiuze wakati yeye anauza. Kwenye mtandao wa Ethereum hakikisha msimbo umethibitishwa hadharani, kisha uone kama mmiliki anaweza kusimamisha uhamisho, kupandisha kodi ya mauzo au kubadilisha msimbo wenyewe. Halafu tazama hati za ukwasi, yaani tokeni anazopewa aliyeweka fedha bwawani ili aweze kuzitoa. Kama hazijafungwa kwa muda wala kuchomwa (kuharibiwa kabisa), aliyeweka dola bwawani anaweza kuzitoa kwa muamala mmoja, nawe ukabaki na tokeni zisizo na mnunuzi.

Orodha ya wamiliki wakubwa nayo hudanganya. Toa kwanza anwani ya bwawa lenyewe, kisha chunguza kila pochi ilipata wapi sarafu yake ya kwanza ya kulipia ada ya miamala. Pochi 20 zilizopewa ada na anwani moja, dakika zilezile, zihesabu kama mtu mmoja.

Ukiridhika, nunua kidogo na uuze kidogo papo hapo. Zipo tokeni ambazo kununua kunakubali na kuuza kunakataa, na jaribio la dola 5 linakuonyesha hilo mapema. Kwenye bwawa lenye kina, weka kikomo cha kuteleza kwa bei, yaani kiasi unachoruhusu bei ibadilike kabla muamala wako haujapita, kati ya asilimia 0.5 na 1. Ukikiachia 15 kwa haraka ya kuwahi, roboti inaweza kununua mara tu kabla yako, wewe ukanunua kwa bei iliyopanda, nayo ikauza mara tu baada yako, na muamala wako ukapita bila kulalamika kwa sababu wewe ndiye uliyeruhusu.

Sasa akili unde. Wengi wanataka wakala wa programu awafanyie biashara usiku kucha. Anza na ada: bwawa linalokata asilimia 0.3 kila upande hula 0.6 kwa kila mzunguko wa kununua na kuuza. Mizunguko 10 ya mtaji wote kwa siku ni karibu asilimia 6 ya mtaji wako, kila siku, hata kama wakala hakosei hata mara moja.

Usalama ni mzito zaidi. Novemba 2024 kulikuwa na shindano la wakala aitwaye Freysa, aliyeagizwa asitoe fedha kwa hali yoyote. Jaribio la 482 lilimshawishi, akatoa takriban dola 47,000. Aliyeshinda alitumia maneno tu, hakuvunja ufunguo wowote. Basi kikomo kisikae kwenye maagizo unayomwandikia wakala, kikae mahali asipoweza kukigusa. Mpe pochi yake pekee yenye fedha za wiki moja. Ukitumia soko la kati, yaani kampuni inayokutunzia fedha na kukufanyia biashara, mpe ufunguo wa programu (API) usio na ruhusa ya kutoa fedha. Maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua pochi yako usimpe kamwe, wala usiyabandike kwenye mazungumzo naye. Na usimwombe anwani ya tokeni, maana anaweza kuibuni. Inakili kutoka tovuti rasmi ya mradi, uilinganishe herufi zote. Wezi hutengeneza anwani zinazofanana mwanzo na mwisho.

Kuhusu tokeni za hisa, zile zinazofuata bei ya hisa za kampuni, ambazo naamini ndizo zitakazobaki kelele zikitulia, soma hati ya mtoaji kabla ya chati. Katikati ya 2025 Robinhood, kampuni ya Marekani ya kuuza hisa kwa simu, ilipotangaza tokeni za OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, kwa wateja wa Ulaya, OpenAI yenyewe ilijitokeza kusema hizo si hisa zake. Tafuta nani anashikilia hisa halisi, nani anaruhusiwa kukomboa tokeni kwa fedha, gawio linakufikiaje, na kama una kura. Kumbuka pia baadhi ya tokeni hizi huuzwa hata Jumapili, soko la hisa likiwa limefungwa, na hapo bei yake inaweza kuachana na ya hisa.

Kwa msomaji wangu: kesho usiuze zote kwa mkupuo. Uza sehemu ndogo, pumzika uone kama wanunuzi wanajaza bwawa tena, ndipo uuze nyingine. Na kama uko Solana, bakiza SOL kidogo pochini, sarafu ya kulipia ada ya mtandao huo, kwa sababu bila ada hutaweza hata kuanza.