Stelingi Hafi

Wiki hii mmeuliza: kati ya vipindi vya televisheni, sinema, vikaragosi na katuni za utotoni, kipi ungependa kirudi? Jibu langu fupi ni kwamba hakuna. Viacheni huko huko vilikolala. Halafu nina neno na aliyetunga swali, maana inaelekea alikulia kwenye nyumba yenye runinga sebuleni. Televisheni Tanzania Bara imeanza 1994, na hata baada ya hapo sisi wa Newala, kusini huko Mtwara, tuliisikia kama watu wa milimani wanavyosikia habari za meli. Picha kwetu ilikuwa kitu cha kuendea, tena usiku, tena na mtu mzima.

Katuni, sawa, zilikuwepo. Gazeti la katuni la Sani lilifika, ila kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, masika yakikolea pale Rufiji hakuna njia, kwa hiyo wahusika wake, Lodi Lofa na Ndumilakuwili, walitufikia na vituko vya zamani, ukurasa wa katikati umeshachanwa na waliosoma kabla yetu. Sikulalamika. Nilidhani magazeti yote ndivyo yalivyo.

Kwa hiyo swali lenu nalibadilisha kidogo: ni nani aliyekusimulia?

Kibanda umiza chetu, cha kuonyeshea picha kwa kiingilio, kuta zake zilikuwa magunia ya korosho, mabenchi ya mabanzi, jenereta nyuma inanguruma kuliko picha yenyewe. Msimu wa korosho kinajaa hadi watoto wanapakatwa. Msimu ukiisha, hela zimeisha, kinafungwa. Wasichana haikuwa mahali petu. Mimi nilikwenda na mjomba, na kwetu mjomba akishasema ndiyo, nani mwingine wa kusema?

Siku moja likawekwa Sholay, picha la Kihindi. Picha lile linapita saa tatu, na mkanda uliorekodiwa ulikuwa wa dakika 180. Hesabu hiyo mwenye deki hakuipiga, au aliipiga akanyamaza, kwa kuwa kiingilio alikuwa ameshakusanya. Tumemlilia Thakur aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar, mkuu wa majambazi, tumecheka na ile sarafu ambayo Amitabh, stelingi wetu, huirusha kila yeye na rafiki yake wanapotaka kuamua jambo, sasa Amitabh kabaki peke yake darajani, damu inamtoka, majambazi wanakuja. Mara chenga. Chenga tupu, na mlio ule wa kukaanga dagaa.

Watu walikaa kimya kama dakika nzima wakidhani inatengenezwa. Mwenye deki akatoka, akazima jenereta kuokoa petroli, akarudi na koroboi.

"Jamani," akasema, "Amitabh anakufa."

"Stelingi hafi!" akajibu mtu wa nyuma. "Rudisha hela zetu!"

Benchi likaanguka. Mjomba akanishika mkono tayari kwa kutoka, lakini hakutoka. Yule bwana alikuwa ameweka koroboi chini, na bila kubishana na mtu akaanza kusimulia. Akasema rafiki yake anamkuta anakata roho, anaiokota ile sarafu, anaigeuza, kumbe pande zote mbili ni sawa. Yaani siku zote alikuwa anajua itakavyoanguka. Kibanda kikanyamaza. Halafu akaiingiza mikono yake ndani ya shati, mikono ya shati ikabaki inaning'inia mitupu, akawa Thakur. Akamwangusha Gabbar asiyeonekana, akaanza kumkanyaga kwa viatu vya misumari, ambavyo siku hiyo vilikuwa kandambili, moja ya bluu, moja nyekundu. Vumbi lilipanda hadi mwanga wa koroboi ukawa wa kahawia. Alimkanyaga mpaka akafa. Hakuna aliyedai hela tena.

Miaka mingi baadaye nikalitazama lote kwenye runinga. Sarafu kweli, Amitabh kafa kweli. Ila Thakur anapotaka kummaliza Gabbar, anatokea polisi, anamsihi aiachie sheria, Gabbar anakamatwa. Niliumia kama mtu aliyeibiwa. Kwa hiyo yule bwana alitutungia! Hapo ndipo nilipoanza msimamo wangu wa kutorudisha vitu. Nikampigia mjomba. Akasema, "Polisi? Wamefikaje?" akakata simu.

Baadaye nikajua. Picha limetoka Agosti 1975, India ikiwa katika hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu hawakutaka raia ajichukulie sheria mkononi. Mwisho wa kwanza ulikuwa ule ule wa kukanyaga. Watengenezaji wakaamriwa wapige mwingine wenye polisi. Mkanda wenye mwisho wa kwanza ulizunguka chini kwa chini. Basi mtu wa kandambili alituambia kweli kuliko runinga. Nimemtuhumu bure miaka yote hiyo, na siwezi hata kumwomba radhi, ameshahama.

Vikaragosi, maana mmevitaja: binti yangu akitazama Kilimani Sesame, kipindi cha vikaragosi cha watoto, aliniuliza ndani ya mdoli kuna nani. Nikajisikia namjibu nilivyojibiwa mimi kuhusu lipiko, yule mcheza ngoma wa Kimakonde aliyevaa kinyago, likicheza uwanjani: hakuna mtu, nyamaza. Sijui kama ni malezi mazuri. Tuendelee.

Sasa nasikia 2025 Sholay limesafishwa na kurudishiwa mwisho wake wa asili, likaonyeshwa Bologna, Italia. Mpwa wangu anasema atanitafutia. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimuambie asijisumbue. Nimemwambia atafute. Hilo moja lirudi basi, kwa sharti kwamba lisiletewe maneno ya "toleo jipya", na kwa tahadhari kwamba huenda nikajuta. Mjomba macho yake yameshaingia ukungu, itabidi nimkalie karibu nimsimulie, na namjua, atabisha tu: mpaka leo anaamini Thakur alivaa kandambili.