Themostati ya Z-Wave inayogoma kuungana na Home Assistant
Ndugu, unasema themostati yako (kifaa cha kudhibiti joto la nyumba) ya Z-Wave, yaani inayowasiliana kwa redio na vifaa vingine vya nyumbani, inagoma kuungana na Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa hivyo. Kwa kuwa umeinunua mtumba, yaelekea bado imeshikwa na mtandao wa mwenyewe wa zamani. Ndani ya Home Assistant chagua kuondoa kifaa, kisha bonyeza kitufe cha themostati. Kidhibiti chochote cha Z-Wave (kifaa kinachosimamia mtandao) kinaweza kuiondoa, hata kama si chenyewe kilichoiunganisha. Ndipo uiongeze upya.

Halafu tafadhali angalia waya wa C, unaoipa themostati umeme wa kudumu. Zima kwanza umeme wa tanuru (mtambo wa kupasha nyumba joto), fungua kifuniko cha themostati. Mara nyingi utaukuta, wa bluu, umekunjwa nyuma ukutani haujafungwa popote. Lakini rangi usiiamini, soma herufi kule kwenye tanuru. Ufunge ncha zote mbili, ya tanuru na ya themostati. Ikitegemea betri tu, themostati haitavipitishia vifaa vingine mawasiliano.

Kama ilitoka Ulaya, irudishe, maana masafa ya redio ya Z-Wave hayalingani: kule ni 868.4 MHz, hapa Marekani 908.4.