USILIPE hayo maboksi ya "kuoza", nunua mzani kwanza

Mkuu usitoe hiyo advansi! Nimesoma uzi wako roho imeniuma, unapika harusi hapa Dar, unataka jiko lisiloharibu mazingira, unauliza maboksi ya chakula yanayodaiwa kuoza yenyewe, kuhamia gesi, na mboga za kununua moja kwa moja kwa mkulima, halafu huku chini unasema kuna mtu keshakuletea profoma ya maboksi. Hapo hapo ndipo nilipopigwa.

Alinijia jamaa na laptopu yake, anajiita mshauri, akanitisha kwamba mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku Juni 2019 na sasa ni zamu ya vyombo, niwahi. Nikabeba mzigo wa msimu mzima. Kumbe ni PLA, plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi, inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 55 hadi 60, na pilau ikitoka kwenye hotipoti imeshapita hapo. Harusi ya kwanza tu vifuniko vikajikunja kama chapati, mchuzi ukamwagikia gauni la shangazi wa bwana harusi, kamati ikanikata hela. Na kuoza je? Inaoza, ila kwenye mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Yangu yalienda dampo la Pugu na pampasi za watu. Yaani pilau inayalegeza, Pugu inayashindwa! Na yule bwana alijua, karatasi ya kiwandani ilikuwa na maelezo yote kwa maandishi ya sisimizi, leo nikimpigia hapokei. Hawa watu wanakula hela yako na takataka wanakuachia.

Kwa hiyo sikia: usinunue CHOCHOTE kabla hujapima mabaki. Ndoo tatu na mzani, moja ya maganda, moja ya kilichobaki kwenye hotipoti hakijaguswa, moja ya mabaki ya sahani, kila shughuli unapima unaandika. Kwangu iliyokuwa inafurika ni ya hotipoti, wali mtupu, maana kamati inaagiza kwa idadi ya kadi na kadi ya dabo anakuja mmoja. Wali huo ukifukiwa dampo unaoza bila hewa unatoa methane, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa, na mchele na mafuta umeshalipia wewe. Siku hizi sufuria la mwisho haliingii mchele mpaka nione foleni, maji yanachemka tu pembeni. Kilichobaki safi kinaondoka cha moto kwenda kituo cha watoto tuliopatana nao mapema, kwa sababu chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya masaa mawili. Maganda na mabaki ya sahani anabeba jamaa anayefuga funza wa kulishia kuku.

Nijibu hapa mkuu, shughuli yako ijayo ni lini, na mzani unao?