Sauti ya kiongozi inakabwa ghafla: angalia goti la kompresa

SWALI: Habari za kazi, fundi. Narekodi kikundi cha nyimbo za Kigogo hapa Chamwino, chenye zeze na marimba. Kiongozi wetu huanza kwa sauti ya chini, kisha hupanda. Kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa) nimeiweka kizingiti, yaani kiwango inapoanzia kubana, cha desibeli -20, na uwiano 4 kwa 1 (kila desibeli 4 juu ya kizingiti hutoka 1). Kila akipanda, sauti inasikika kama amekabwa koo. Nipunguze uwiano?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Uwiano uache kwanza. Tazama goti, yaani pale mstari wa grafu ya kompresa unapopinda. Likiwa kali, sauti ya -21 haiguswi kabisa, ila ikivuka -20 inakutana na 4 kwa 1 yote kwa mpigo. Kiongozi wako bila shaka anaimba hapohapo mpakani, anavuka na kurudi ndani ya neno moja, na sikio linanasa kila mvuko.

Panua goti hadi desibeli 10. Sasa kubana kutaanza taratibu kwenye -25 na kufikia 4 kwa 1 kamili kwenye -15. Kwenye -20 penyewe sauti itakuwa imeshashushwa kama desibeli 1. Ndiyo maana utaona kompresa inafanya kazi hata kwenye mistari ya wimbo yenye sauti ya chini. Wengi hapo hudhani wameharibu. Ikikukera, pandisha kizingiti desibeli 2 au 3. Programu za kurekodi za Reaper na Audacity za karibuni zina kitufe cha goti. Kwenye mashine za dbx kinaitwa OverEasy.

Ila goti linahusu kiwango cha sauti, si muda. Kama baada ya kiongozi kupaza sauti zeze linazama, halafu linarudi polepole, hiyo ni rilisi (muda wa kompresa kuachia sauti) ndefu mno, ifupishe. Na kama mmerekodi wote kwa maikrofoni moja, kigelegele kimoja kitashusha zeze na marimba pamoja, hata goti liwe pana vipi. Hapo mimi hushusha kwanza kwa mkono mistari iliyopanda mno, ndipo kompresa imalizie. Inachosha, lakini sijaona njia inayoishinda.

Mkianza kurekodi ngoma za muheme, msihamishie mpangilio huu. Pigo la ngoma hulipita eneo la goti mara moja, kwa hiyo ulaini hauna faida kubwa. Mimi huweka goti kali na kushughulika zaidi na ataki, yaani muda ambao kompresa huchukua kuanza kubana.